Mala Huishia na Nne

Luthuli, saa nne asubuhi, nimeshika orodha
iliyolowa jasho la kiganja:
jicho moja, taa moja, chipu moja ya kufikiri.
Kisilu, nyuma ya kaunta ya kioo kilichopasuka,
anamwaga vijicho kama punje za mtama.

"Hiki cha shilingi ishirini," anasema.
Kinzani-nuru. Nakijua: jicho la mvivu,
likija kuona weusi, weupe umeshapita zamani.
Mistari haingoji. Mkono wa shangazi hautangoja.
Nachukua dayodi, ya mia na hamsini,
ndogo, kavu, isiyojua kusinzia.

Na taa? Infraredi inauzwa bei ya kutupa,
lakini kuna wino isiouona kamwe,
kwetu mweusi, kwake hewa tupu.
Nyekundu basi. Kisilu anacheka:
"Na paketi ikichapwa mistari myekundu?"
Sikuwa nimeliwaza. Nyekundu juu ya nyekundu,
karatasi tupu. Wapagazi wananisukuma
nami nakumbuka rafu za Makongeni, moja moja:
unga, buluu. Majani, nyeusi. Maziwa, nyeusi.
Nyekundu. Funga, nilipe.

Shangazi Khavere, sukari ilimla macho.
Chumvi anaijua kwa uzito, sabuni kwa harufu,
kiberiti kwa kukitikisa sikioni.
Maziwa na mala tu ndiyo yaliyomshinda:
paketi ndugu, baridi moja, ulaini mmoja.
Juzi mtoto wa kina Odera alirudi na sufuria
ya chai iliyokatika mapande. Ploti nzima ikacheka,
naye akacheka nao,
kisha akafunga duka mapema.

Usiku nalehemu, dirisha wazi, moshi wa risasi.
Wino dayodi inausoma. Kinachoikwaza
ni weupe ule wa pembeni, kabla ya mstari wa kwanza:
ukiukata kimya hicho, haijui pa kuanzia.

Jumamosi naiweka mkononi mwake.
Anapitisha polepole, kama anayepiga kola pasi.
Chombo kinatamka: sita, moja, sita...
tarakimu kumi na tatu, basi.
"Majina bado," namwambia. "Nipe wiki niandike orodha."
Anapitisha tena. Paketi nyingine. Tena.
Midomo yake inatembea bila sauti.

"Mala inaishia na nne," anasema. "Haya mengine, saba.
Orodha ya nini?
Lete kitambaa, umenimwagia maziwa."