Betri Ilipolia

Ilishuka kwenye pikipiki ya Nandonde
imefungwa mpira wa tairi kama mbuzi wa mnadani,
kona moja imebonyea, mlango wa flopi unaning'inia
kama jino la mtoto linalongoja uzi.
"Juzi tu ilikuwa inawaka," akasema.
Juzi ya Nandonde naijua. Ina miaka ishirini.

Elfu kumi na nane, mali chakavu ya chama cha msingi,
pamoja na mizani isiyo na mawe
ambayo sikuitaka, nikapewa.
Wifi yangu Fidea akaizunguka mara mbili:
"Asinati, hii inasaga au inakoboa?"

Siiwashi. Hilo kwanza.
Anayechomeka umeme kabla ya kufungua
anamkimbiza mgonjwa ili aone kama mguu umevunjika.
Skrubu sita: nne zinatoka, moja inazunguka bure,
ya sita iliondoka zamani na mtu mwingine.

Ndani, vumbi jekundu la Newala,
na kiota cha panya kilichofumwa kwa stakabadhi za korosho:
nusu ya jina, "kilo mia mbi",
muhuri uliotafunwa ukabaki mwezi mwembamba.
Makarani walipoteza mafaili. Panya alitunza.

Kisha kidonda chenyewe.
Betri ya bluu, nene kama kidole gumba, imelia
mpaka machozi yakaota ukungu wa kijani,
yakala njia za shaba, moja, mbili, tatu,
yakajipenyeza chini ya soketi ya kibodi, yakatulia humo.
Siku moja watu walizima, wakafunika kitenge, wakaenda zao.
Betri haikuambiwa.
Ikaendelea kuishikilia saa gizani
mpaka ikapasuka.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, wanasema.
Hiki ni kidonda tu.
Kinyemi nimekiona mimi peke yangu.

Siki ya dukani kwa Mama Litunu, tone kwa tone.
Kijani kinatoa povu, mswaki unakwangua.
Maji huku juu tunanunua kwa ndoo,
kwa hiyo kikombe kimoja cha kusuuzia, basi, kisha spiriti,
kisha jua la saa nne, bodi imelala kwenye ungo
na Fidea anafukuza kuku wasidhani ni mtama.

Mita inalia palipo na njia.
Palipokatika, kimya.
Nikaandika vile vimya kiganjani kwa kalamu: vitatu.
Waya mwembamba kama unywele, nimeuchuna kwenye spika iliyokufa,
nikaulaza kutoka ng'ambo hadi ng'ambo.
Risasi inayeyuka, inang'aa, inakunja uso. Imeshika.
Kapasita mbili zilizovimba vichwa nikazing'oa,
nikaweka za televisheni ya jirani
ambaye bado anadhani ataijia.

Umeme ulirudi saa mbili usiku.
Fidea kasimama mlangoni na ndoo ya mchanga.
Feni ikakohoa. Harufu ya vumbi linalopata moto,
siyo ya moto wenyewe; pua yangu inazitofautisha.
Kioo kikabaki cheusi
toka "Baba yetu" hadi "mkate wetu",
kisha nambari zikaanza kupanda, polepole,
kama mtoto anayehesabu vidole akirudia cha tatu:
mia tano kumi na mbili. Mia sita arobaini.

Tarehe: moja Januari, themanini.
Mwaka huo mama alikuwa hajaolewa,
na hapa palikuwa na shamba la mihogo.

Chini yake mstari mmoja:
kibodi haionekani, bonyeza kitufe chochote kuendelea.

Nilicheka hadi Fidea akashusha ndoo.
"Inasemaje?"
"Inasema haisikii. Inaniomba niijibu."
"Si uijibu!"

Basi kuna njia ya nne, ile ya chini ya soketi,
niliyojifanya sijaiona.
Nikazima. Nikachomoa.
Nikageuza kiganja, nikaongeza kimya kimoja,
nikamwambia Fidea ashike tochi.