Kibanda cha Birere

Usiiweke chini mashine, Mama Kahindo. Hapa, juu ya gunia;
vumbi la volkano linaingia hata palipofungwa.
Umeme ukirudi, hesabu mpaka mia
kabla ya kuchomeka. Huwa unarudi na hasira.

Neno la siri lisiwe jina la mtoto wako.
Mtaa mzima tunamsikia ukimwita akitoroka shule.

Na yule anayekupigia kusema umeshinda gari,
muulize: nilicheza lini?

Nimefungua. Nimepuliza. Mende mmoja, amekufa.
Picha zote zipo, hata ile ya marehemu
akicheka mbele ya nyumba
iliyopitiwa na lava.

Nimeinakili mara mbili.
Moja kaa nayo. Nyingine mpelekee dada yako, Bukavu.

Utalipa betri tu.