Kichwa Panzi

Mwalimu Bwire aliandika kwa wino mwekundu:
Uwezo anao. Hatulii.
Nikaibeba ripoti ile miaka thelathini na mbili
kama risiti ya deni nisilokumbuka kukopa.

Maharage yameungua Nyakato, yakaungua Igoma,
yameungua kila nyumba niliyopanga.
Funguo nimeziokota ndani ya unga.
Gunia la dagaa nililolipia Kirumba
nililiacha palepale mwaloni, nikapanda bodaboda
nikitafuta kichwani jina la ndege yule mweusi
aliyekuwa akianika mbawa juu ya nguzo.
Mnandi.
Jina lilinijia Buzuruga. Gunia halikuja.

Baba Mhoja alisema, hunijali.
Nilimjali. Saa nane za usiku nilimjali,
nimesimama jikoni na kikombe mkononi
sijui nilikifuatia nini.

Kisha mwaka huu, Bugando, foleni ya watoto.
Shule ilikuwa imechoka na Mhoja wangu.
Daktari anauliza, anatia vema kwenye karatasi:
Hupoteza vitu? Huanza asimalize?
Hukatiza wenzake mane—
Ndiyo, nikasema, ndiyo, tangu darasa la pili.
Akaweka kalamu chini.
"Mama, haya ni ya mtoto, au ni yako?"

Dirishani ziwa lilikuwa limetoa wadudu wake,
moshi mrefu uliosimama juu ya maji;
kila mmoja mdogo, hana uzito,
na wote pamoja wameficha Saanane nzima.
Nikaonyesha kwa kidole. Nikashindwa kusema.

Sijapona. Hakuna aliyetaja kupona.
Kuna msumari mlangoni, wa funguo.
Kuna simu inayolia, naizima, inalia tena,
na maharage yanaiva, mara nyingi.
Jumamosi huja wifi yangu Nyanzobe
(kaka yake aliondoka, yeye akabaki),
anachambua mchele kwenye ungo, haongei,
nami ubavuni pake napiga hesabu za duka
mpaka mstari wa mwisho.
Sijui kwa nini inasaidia. Inasaidia.

Jana Mhoja alirudi na kiatu kimoja.
Neno la mama yangu likanipanda lenyewe,
kichwa pa—
nikalimeza, na miguu yake yote.
Tukachukua tochi, tukatoka wawili.
Kiatu hatukukiona.
Tulirudi na konokono.