Matundu Matano ya Skrubu

Saa tatu kasoro nafungua mlango wa mwaloni,
natandaza kamba nyekundu mahali pake,
nawasha taa ya Varlam, tajiri wa hariri,
aliyejenga hapa Kutaisi, mto Rioni ukinguruma chini ya bustani.

Wageni huvaa soksi za kitambaa juu ya viatu.
Nawaeleza: hapa alilala, hapa alihesabu fedha,
huu ni mtungi wa mvinyo, umezikwa hadi shingo,
piano hii ililetwa kwa gari la ng'ombe, ikafika na meno pungufu.
Hayo yote yamo kijitabuni. Nimeyahifadhi.

Kijitabu kinaruka.
Kinamwacha Varlam akikimbia usiku na koti moja,
kinatua kwenye utepe uliokatwa na waziri,
kama mtu avukaye dimbwi asilowe.

Dimbwini tulikuwemo sisi.

Familia tano. Jiko moja, balbu tano zikining'inia,
kila balbu na swichi yake chumbani kwa mwenyewe,
maana umeme una wivu kuliko ndoa.
Pelagia alipika maharage, sufuria kaifunga kwa kufuli.
Otia alifuga mbuzi roshanini, majira mawili ya baridi,
na hakuna aliyemsema, kwa sababu ya maziwa.
Piano tuliikalia tukimenya viazi.
Tulilala wanne pale penye meza ya kuandikia
na kalamu ya unyoya ambayo Varlam hakuigusa kamwe:
niliinunua mimi, sokoni, risiti ninayo.

Mafundi walikuja wakakwangua rangi, tabaka kwa tabaka,
kijani chetu, buluu ya Pelagia,
mpaka wakaufikia mwaka waliotumwa kuutafuta.
Fremu iliyobeba vimo vyetu, alama za kisu,
kaka yangu Zauri akikomea miaka tisa,
waliipiga randa ikawa laini kama uongo.

Nyumba njema si mlango, husemwa.
Lakini mlango huu sikumwacha fundi aumalize.
Upande wa kulia, usawa wa bega,
yapo matundu matano ya skrubu
palipokaa kengele tano. Yetu ilikuwa ya tatu,
ilikwaruza zaidi ya kulia.

Leo mtoto wa shule ametia kidole humo.
"Hapa palikuwa na nini?"

Bango linasema usiguse.

Nikamwambia: bonyeza.