Inchi Nne

Lugha hii ninayoiandika imewapa jina moja
ndege na chombo:
sululu, mwenye mdomo uliopinda kuliko mundu,
na sululu, chuma cha kuchimbia.
Attracta Feely hakulijua hilo. Nilipomwambia
alicheka, kisha akanyamaza,
maana ni sululu ya baba yake
iliyochimba mfereji huu, miaka ile ya ruzuku,
kila futi ya tope ikilipwa na serikali,
mpaka kinamasi cha Derrynacoll kikakauka
na ndege wakapungua, pasi na mtu kuandika tarehe.

Sasa binti anauziba.
Ubao wa mlango wa zizi, misumari, gunia la udongo,
na maji, polepole, yanakumbuka kwao.
Jirani Malachy anakuja na buti zake:
"Maji yako yamelala kwenye nyasi zangu."
Wanapima kwa kijiti. Wanabishana. Wanakubaliana
inchi nne, si tano, hadi mwisho wa Juni.

Udongo ukilainika, mdomo huzama hadi kwenye mnyoo.
Ukikauka, ni kubisha hodi
kwenye nyumba iliyohamwa.

Viota vitatu mwaka huu, chini, kwenye majani tu.
Cha kwanza kunguru, mchana kweupe.
Cha pili kamera ilituonyesha:
saa nane na dakika arobaini usiku,
macho mawili yanayong'aa, mbweha jike,
chuchu zimevimba maziwa.
Aliyabeba mayai moja moja, kwa uangalifu,
kama mtu aliyetoka dukani bila mfuko.
Dinny mwenye bunduki aliitazama picha ile.
"Nikimpata huyu, nimewapata na wanawe."
Hakuna aliyejibu. Birika lilichemka, likaachwa lichemke.
Alimpata Jumanne.

Cha tatu tukakizungushia waya wa umeme,
betri ya trekta kuukuu ikigonga tik, tik, gizani.
Siku ishirini na nane za kuatamia;
Attracta, karani mstaafu wa posta,
alizihesabu kwa chaki kwenye ukuta wa banda.

Siku ya ishirini na tano mvua ikanyesha usiku kucha,
mto ukafura, na ubao,
ubao wetu wenyewe,
ukayakataza maji yasiondoke.
Saa kumi alfajiri nilimkuta ndani ya mfereji,
maji mapajani, nywele usoni,
akiung'oa ule ubao.
Kwa nini? Kwa sululu ya baba yake.
Maji yalisimama upana wa kidole chini ya mayai.
Ndege hakuwa ameondoka. Alikuwa amelowa tu, ametukodolea jicho.

Vifaranga wanne, miguu mirefu kuliko busara,
walipita chini ya waya siku ileile ya kuanguliwa
wakatuachia uzio wa kulinda maganda.
Mmoja alikufa kwa baridi.
Mmoja tuliokota mguu wake, wenye pete yetu.
Mmoja hatujui.
Mwisho wa Julai mmoja aliruka,
vibaya, akajikwaa kwenye mlango wa shamba,
akaruka tena.

Attracta akaandika: jozi tatu, kinda mmoja.
"Theluthi," alisema. "Ili wasiishe inatakiwa nusu."
Akalifunga daftari, akavaa buti,
akaenda kwa Malachy
kuomba inchi tano.