Toleo la Kwanza

Nakala mia tatu, wino ungali unachafua vidole,
tulizitoa River Road kwa mkokoteni wa Mutinda,
yeye mbele anavuta, mimi nyuma nasukuma,
akageuka: "Gazeti la muziki? Na linaimba?"

Luthuli niliwaachia wauza spika, kumi kumi.
Kinyozi wa Kaloleni alipokea tano
akazibana nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.
Fundi wa magita, Kariokor, alitazama jalada
akasema nyuzi za huyu zimefungwa kinyume.
Alisema kweli.

Wiki ya tatu nikahesabu: zimetoka arobaini na moja.
Moja kwa mama yangu.

Kurasa zilizoharibika mtamboni
nilimpa Kwamboka, azikunjie njugu.
Sikutaka kitu. Karatasi tu.

Ijumaa akapiga simu.
Yupo bawabu wa benki, amekula njugu za kumi,
akakunjua, akasoma kisa cha mpiga besi wa Kawangware
aliyeuza ng'ombe wa mahari akanunua gita;
kisa kimekatikia mkewe anafungua mlango.
Bawabu anataka kujua mke alisema nini.
"Na si yeye pekee," Kwamboka akasema.
"Leta majarida mazima.
Na mimi usinisahau, kila moja nikatie changu."

Usiku huo nilikaa sakafuni na mkasi,
nakala mia mbili na ushee, nzima, safi,
nikikata kila kisa
palepale chumvi inapokolea.