Bandua Ingali Moto

Kati ya redio na joto la mkaa
kuna wimbi lisilo na mwenyewe:
refu mno kwa jicho, fupi mno kwa antena.
Terahezi. Hupenya karatasi, hupenya kanga kavu,
likikutana na tone la maji hufa.
Nami nimechagua kuliwinda hapa,
Tudor, ghorofa ya pili, mwezi wa Machi,
mji ambao hata chumvi hutoka jasho koponi.

"Ungekwenda Nairobi," aliniambia Mbeyu,
akikausha kioo cha dirisha kwa gazeti la juzi.
"Kule hewa ina adabu."
Nikamjibu kwa kuwasha pampu.
Stima ikapotea.

Miezi saba tunabandua grafiti
kwa utepe wa gundi wa duka la Mwembe Tayari.
Bandika, bandua, bandika,
mpaka jiwe jeusi libaki kivuli,
mpaka kivuli kibaki unene wa atomu moja.
Kwenye hadubini: vumbi. Kucha za siafu.
Kila kipande kilichotaka kuwa kipana
kilichanika.

Ijumaa nikashuka Guraya kwa mama.
Yuko mbele ya chuma, anapika manda,
madonge manne yaliyopakana mafuta
yakasukumwa hata yakawa mkate mmoja.
Nikautwaa, nikaanza kuachanisha huku nawaza yangu.
Ukararuka.
Akanichapa mkono.
"Wangoja nini? Manda ikipoa yashikana.
Bandua ingali moto."

Sikungoja futari.

Usiku ule niliulaza utepe juu ya bamba,
nyuzi mia, dakika mbili,
nikabandua vidole vikiungua.
Mbeyu akainama kwenye hadubini, akanyamaza.
Alinyamaza hata nikadhani kimechanika tena.
"Njoo," akasema, "uone shamba."

Tukapanga tabaka juu ya tabaka,
la juu tukaligeuza nyuzi moja na ushei
ili elektroni zizubae, zikose haraka,
zigutuke kwa mguso wa kitu kisicho na uzito.
Naitrojeni ikafukuza mvuke sandukuni.
Mle ndani, baridi ambayo Pwani haijaipa jina.

Saa tisa usiku mstari ukapanda.
Kidogo. Unene wa unywele.
Mbeyu akainua mikono, nikamshika:
mstari hupanda kwa mengi,
friji ya chini, waya mbovu,
hamu yetu wenyewe.

Nikafungua kilango kilicho njiani mwa wimbi,
nikainama kama apulizaye chai ya moto,
nikapumua mara moja.

Mstari ukaanguka.
Nikaziba pumzi.
Ukainuka.

Ndipo nikaamini. Sikuliona wimbi;
niliona tu kwamba nimelizuia.

Tukakaa hivyo, wawili, midomo tumefumba,
jasho likitudondoka kidevuni,
tukilipisha.